Ulimi wa Mlaji na Sikio la Mpishi

Katika mambo yote ambayo binadamu hujitia kuyahukumu, hapana hata moja lenye mahakimu wengi kama chakula. Mtu asiyejua kuchora hunyamaza mbele ya picha, na asiyejua sheria hunyamaza mbele ya wakili. Walakini mtu asiyejua hata kuwasha moto wa kuni husema bila ya woga kuwa mchuzi umezidi chumvi. Nami sisemi kuwa afanya vibaya. Ulimi ni wake, na chumvi aionja yeye. Neno ninalotaka kuzungumza nawe, msomaji kijana, ni lile lifuatalo baada ya hukumu hiyo: aliyehukumu ana wajibu gani, na aliyehukumiwa ajibu nini.

Kwetu sisi tuliozaliwa chini ya Mlima Elgon jambo hili lina ugumu wake. Nyumbani, mgeni hakosoi chakula. Akiandaliwa ugali na kuku hula, hushukuru, huomba maji ya kunawa, kisha huanza habari za safari yake. Kuku mwenyewe ana sheria zake. Firigisi, ambayo Waluhya huiita imondo, huwekewa mwenye nyumba au mgeni wa kiume anayeheshimiwa, na ikikosekana sahanini mgeni huyo aweza kwenda zake na kinyongo cha miaka. Lakini hata mwenye kinyongo hicho hatasema kuwa kuku alikuwa mgumu. Kusema hivyo ni kumvunjia heshima mama wa nyumba mbele ya watoto wake. Adabu hii twafunzwa kabla hatujajua kusoma, nayo haitoki mwilini upesi.

Sasa itazame hoteli. (Wajua kuwa katika nchi yetu neno hili halihitaji ghorofa wala vitanda, mabati manne, mabenchi mawili na sufuria iliyofunikwa yatosha kuitwa hoteli.) Hoteli ni nyumba ya ajabu, kwa kuwa si nyumbani wala si sokoni. Mwenyewe hukupokea kwa maneno ya nyumbani: karibu, keti, kunywa maji. Ukimaliza kula hukuletea hesabu kama mtu wa sokoni. Basi mlaji ajiona mnunuzi aliyetoa fedha yake, naye ana haki ya kusema bidhaa ni mbovu, kama asemavyo juu ya shati lililofumuka. Mpishi, kwa upande wake, ajiona mwenyeji, na maneno yale yale huyasikia kama matusi ya mgeni asiye na shukrani. Nimeshuhudia ugomvi mwingi wa mezani katika miji yetu, na karibu wote niliona umetoka hapo: watu wawili wamekaa chini ya paa moja, kila mmoja akifuata sheria ya mahali pengine.

Mimi nafundisha katika shule moja ya Kaunti ya Bungoma, na ndugu wengi wa marehemu baba yangu wakaa Kitale, kwa hiyo njia ile ipitayo Webuye, Kamukuywa na Kiminini naijua kwa macho na kwa tumbo. Bungoma umo katika barabara na reli ziendazo Malaba na Uganda, na wapitao humo huwa na haraka. Kitale ni mji wa mahindi. Reli ilifika huko mwaka 1926, na hata leo wakati wa mavuno malori hupanga mstari kungoja kupakua magunia, na madereva, makuli na wakulima wote hao wataka chai ya maziwa alfajiri na ugali wa mchana. Zamani hoteli mbaya ilijulikana kwa midomo ya madereva. Dereva mmoja akimwambia mwenzake, “Pale usishuke,” habari ilichukua majuma mawili kufika Webuye, na njiani ilipungua makali. Siku hizi habari hiyo hufika kabla sahani haijaoshwa. Mlaji huandika katika simu, hutoa nyota kutoka moja hadi tano, au hupiga picha na kusema mbele yake, na watu ambao hawajapata kuiona Kitale humcheka mpishi wa Kitale.

Shangazi yangu, ambaye kwa lugha ya kwetu twamwita senge, ana hoteli ndogo karibu na kituo cha matatu huko Kitale. Alianza na birika moja la chai na karai la mandazi. Kwa mandazi hayo watoto wake watatu walisoma hadi mwisho. Siku moja, mchana umekwisha kupinduka, aliingia kijana mmoja wa wale wapitao mjini wakionja vyakula na kuwaeleza watu. Akaagiza matumbo na ugali, akala kidogo, akalipa, akaenda zake. Jioni maneno yake yalikuwa yamekwisha kusomwa na mamia ya watu: kwamba nyama ya hoteli ile imelala, kwamba mafuta yameganda juu ya mchuzi, na kwamba mtu apendaye tumbo lake asikanyage pale.

Usidhani maneno hayo ni mepesi. Juma lile senge alipika sufuria moja badala ya mbili, na nusu yake ilirudi nyumbani. Wasichana wawili waliokuwa wakimsaidia aliwaambia wakae kwao mpaka atakapowaita, na mmoja wao alikuwa akimlisha mama mgonjwa kwa mshahara ule. Muuza nyama, ambaye hapo kwanza alikuwa akimkopesha bila ya kuandika, alianza kuandika. Yule kijana hakuyaona hata moja katika hayo, wala sidhani aliyakusudia.

Tulikutana nyumbani kwa senge siku ya Jumapili, na kila mtu alikuwa na dawa yake. Binamu yangu, aliye hodari wa simu, alitoa mashauri mawili. La kwanza ni kumtukana kijana yule mpaka aone haya. La pili ni kuwaomba rafiki kumi waandike kuwa wamekula pale na chakula ni kitamu, kila mmoja atoe nyota tano. Senge alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza ni siku gani kijana alikuja, na saa ngapi. Akafikiri. Akasema, “Nyama ile niliinunua asubuhi na kuipika asubuhi. Haikulala. Lakini siku hiyo makaa yalikwisha saa nane, na msichana aliyetumwa akachelewa. Chakula kilikuwa baridi. Hao watu kumi watasema kilikuwa moto? Na yule aliyekula meza ya pili akisoma?”

Akanigeukia mimi, akaniambia, “Mwalimu, wewe ndiwe mwenye kalamu. Andika.” Nikaandika kama alivyosema, bila ya kuongeza neno: kwamba nyama ilipikwa siku ile ile, kwamba ni kweli ilipoa, kwa kuwa makaa yaliisha, naye aomba radhi kwa hilo, kwamba jiko la pili limenunuliwa, na kwamba kijana aje ale tena, alipe kama watu wote. Kijana hakuja, wala hakuyafuta maneno yake. Yangali pale hata leo, na jibu la senge liko chini yake. Wateja walirudi mmoja mmoja, si wote. Msichana mmoja aliitwa baada ya mwezi; wa pili alikuwa amekwisha pata kazi ya kupalilia.

Nilipolisoma jibu lile mara ya pili nilikumbuka mafunzo yangu. Katika chuo cha ualimu, siku za mazoezi ya kufundisha, mkufunzi hukaa nyuma ya darasa kimya na kuandika. Mkufunzi wangu mmoja alikuwa na desturi ya kupiga mstari katikati ya karatasi. Upande wa kushoto aliandika alichokiona, na upande wa kulia alichokifikiri. Kushoto: Mwalimu ameita wanafunzi watano, wote wa safu ya mbele. Kulia: Mwalimu hawajali watoto wa nyuma. Baada ya somo tulipewa karatasi ile, nasi tulikuwa na ruhusa ya kubishana na upande wa kulia kadiri tupendavyo. Upande wa kushoto haukubishwa ila kwa ushahidi. Wenzangu wengine waliona uchungu, kwa maana mtu apendaye kazi yake huumia akiambiwa ina kasoro. Walakini uchungu wa upande wa kushoto ulikuwa na dawa ndani yake. Wajua la kufanya kesho: waite watoto wa nyuma.

Yapige mstari maneno ya kijana wa Kitale uone. Chakula ni baridi, mafuta yameganda: hayo ni ya kushoto, nayo yalikuwa kweli. Hoteli haifai: hayo ni ya kulia, na kila mlaji ana yake. Nyama imelala: neno hili ndilo lililofukuza watu, nalo lilivaa nguo za kushoto hali ni la kulia. Hakuuliza. Aliona mafuta yaliyoganda akakisia kuwa ni ya jana.

Huenda ukadhani huu ni ugomvi wa vibanda tu. La. Mwezi wa Agosti mwaka 2000, gazeti la Irish News la mjini Belfast lilichapisha maoni ya mhakiki wake juu ya mkahawa mmoja wa piza. Alilaumu soda, akalaumu huduma, akasema kuku aliyepikwa kwa mchuzi wa mvinyo alikuwa mtamu kupita kiasi hata haliki. Mwenye mkahawa akashitaki, na mwaka 2007 baraza la mahakama lilimpa fidia ya pauni 25,000. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu ile, kwa sababu baraza halikuelezwa sawasawa tofauti iliyopo baina ya jambo lililotokea na maoni ya mtu juu ya jambo hilo. Karibu miaka minane ilipita kati ya sahani ile na hukumu ya rufani, na swali lenyewe lilikuwa lile lile la karatasi ya mkufunzi wangu.

Katika sheria zetu pia maoni ya haki hulindwa, mradi yamejengwa juu ya mambo ya kweli. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, na haki ya kupewa habari zimpasazo. Kifungu cha 33 humpa kila mtu uhuru wa kusema, na papo hapo humtaka aheshimu haki na sifa ya wengine. Zamani mtu aliyemkashifu mwenzake kwa maandishi aliweza kufungwa gerezani chini ya kifungu cha 194 cha Kanuni za Adhabu. Mwezi wa Februari mwaka 2017 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kifungu hicho kilipingana na Katiba; na kesi iliyoleta hukumu hiyo, utashangaa kusikia, ilitokana na maneno yaliyotiwa katika ukurasa wa Facebook wa kuwaonya wanunuzi wajihadhari. Aliyekashifiwa aliachiwa njia ya kudai fidia. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya makosa ya kompyuta, yenye adhabu kwa aenezaye uongo kwa kujua, na mabishano juu ya sheria hiyo yakapelekwa mahakamani mwaka ule ule.

Lakini mambo ya namna hii yakifika kwa askari, mwenye kuuza chakula aghalabu hupoteza zaidi ya mlaji. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 mama mmoja wa Lagos, Naijeria, mfanya biashara ndogo, aliandika kuwa nyanya za kopo alizonunua zilikuwa na sukari nyingi mno. Mtu mmoja akamjibu kuwa asiharibu biashara ya ndugu yake. Naye akajibu kwa ukali kuwa basi amshauri nduguye aache kuwaua watu. Akakamatwa na kushitakiwa. Neno la kwanza, la sukari, lilikuwa la ulimi wake, na ni nani awezaye kulipinga? La pili lilikuwa la hasira. Lakini kampuni iliyotaka kuzima neno moja juu ya sukari ilifanya nchi nzima na nchi za jirani zizungumze juu ya kopo lile. Senge angeyamaliza kwa sentensi nne.

Kuna jambo moja ambalo katika hilo sipendi mzaha, nalo ni maradhi. Mtu akiharisha hulaumu hoteli aliyokula mwisho, kisha huandika jina lake. Tazama basi hesabu ya maradhi yenyewe. Sumu ya vijidudu fulani vya chakula kilichoachwa nje yaweza kumshika mtu kwa saa chache tu. Kipindupindu huchukua kutoka saa chache hadi siku 5. Homa ya matumbo aghalabu huchukua juma moja au mawili, na pengine zaidi, kabla ya kujitokeza. Kwa hiyo mwenye homa ya matumbo anayemlaumu mpishi wa jana, karibu kila mara amlaumu asiyehusika, na mwenye hatia aendelea kupakua kwa mikono ile ile. Habari ya namna hii yafaa ipelekwe kwa afisa wa afya, ambaye ana ruhusa ya kuingia jikoni, kuuliza vyeti vya afya vya wapishi na kutazama maji. Simu haina ruhusa hiyo. Walakini mlaji aliyeona kwa macho yake mende mezani au choo kisicho na maji ya kunawa, aseme, na asiogope kuitwa mchongezi. Hapo kunyamaza si adabu.

Wahakiki nao wana njia iliyokwisha fyekwa na waliotangulia. Craig Claiborne, aliyeshika kazi ya chakula katika gazeti la New York Times mwaka 1957, alijulikana kwa kula mahali pamoja zaidi ya mara moja kabla ya kuandika, na gazeti ndilo lililolipa, si mwenye mkahawa. Aliyemfuata miaka mingi baadaye, Ruth Reichl, alivaa nywele za bandia ili asitambuliwe, na mwaka 1993 aliandika jinsi alivyopokelewa katika mkahawa mmoja mashuhuri alipoonekana mtu wa kawaida, na jinsi alivyopokelewa alipotambuliwa. Tofauti yake ilikuwa kama ya mlango wa nyuma na wa mbele. Katika miji yetu mambo hayako hivyo. Baadhi ya waonjaji huingia kwa kishindo wakitaka watambuliwe. Kijana mwingine alipata kumwendea senge akamwambia kuwa kwa shilingi kadha wa kadha atamsifu vizuri sana. Senge alimpa kikombe cha chai, akamdai fedha ya kikombe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wamesema wazee. Sijui wangesemaje juu ya mgema anayenunua sifa zenyewe.

Huko Bungoma kuna hoteli moja, sitaitaja, yenye tangazo ukutani lililoandikwa kwa rangi nyekundu: Ukipendezwa waambie wenzako, usipopendezwa tuambie sisi. Tangazo la namna hii umeliona mahali pengi. Nami nilimwona mzee mmoja, mtu mpole, akilitii. Alimwita mtumishi wa mezani akamwambia kwa sauti ya chini kuwa samaki ana harufu. Mtumishi akamwita mwenye hoteli, na mwenye hoteli akauliza kwa sauti iliyosikika hadi barabarani kama mzee yule kwao hula samaki kila siku hata awe fundi wa harufu. Watu wakacheka. Mzee akalipa, akaondoka. Hakuandika popote, kwa kuwa simu yake ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Lakini sisi tuliobaki tulimtazama samaki kwa macho mapya, na meza mbili zikaagiza maharagwe.

Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu insha juu ya githeri ya shuleni, nao wakaifurahia kazi ile kuliko kazi zote nilizopata kuwapa. Walifananisha maharagwe na kokoto, na risasi, na meno ya mamba. Nilikuwa nikisahihisha madaftari hayo chini ya mti nje ya jiko, mpishi wetu akaja kuniuliza ninacheka nini. Yeye ni mzee wa makamo, na macho yake hayasomi tena maandishi madogo. Nikamwambia. Akaketi juu ya gogo, akasema, “Nisomee, Mwalimu. Yote.”

Nikamsomea. Kokoto na risasi alizipitisha kama mvua juu ya bati. Ila daftari moja, la msichana asiyejulikana kwa ufasaha, lilisema kuwa githeri huwa ngumu siku ya Jumatatu na Alhamisi, na siku nyingine huiva. Mzee akainua mkono nisimame hapo. Akaniambia nirudie. Kisha akaeleza kuwa siku hizo mbili maharagwe hutolewa ghalani asubuhi, saa mbili, na chakula chatakiwa saa saba kasoro. Siku nyingine hutolewa jioni, naye huyaloweka usiku kucha. Alikuwa amemwambia mtunza ghala mara nyingi, na mtunza ghala alimjibu kuwa wanafunzi hawajalalamika.

Akaomba daftari lile. Nikamwita msichana, nikamwuliza kama akubali, akakubali kwa haya. Mzee akalitia chini ya kwapa akavuka uwanja kwenda ghalani, na Jumapili ile jioni nilipopita karibu na jiko niliona maharagwe yamelowekwa katika pipa.